Sindano ya Kumi na Mbili

9 Januari

Mdogo wangu,

Salamu nazifanya fupi maana nakujua, huziruka ukaenda kutafuta chini kama kuna habari. Sisi wazima. Mama mzima, ila macho yanamfanyia mzaha: juzi aliliona lile koti lako kuukuu lililoning'inia nyuma ya mlango, akaliambia, "Karibu baba, umefika saa ngapi?" Nilicheka mpaka akakasirika. Mimi bado nipo jikoni pale shuleni, nakoroga sufuria ambazo mtu mzima anaweza kuogea ndani, na mgongo wangu unalijua hilo.

Gunia la pumba limefika na lori, tunashukuru, kwa sababu majani huku yameisha. Lakini fundo lako hilo! Umefunga pumba au umefunga jambazi? Nilihangaika na koleo la marehemu baba mpaka kucha ikapasuka. Mwishowe nikachukua panga nikakatakata waya vipande vipande, na Bi Harusi alikuwa ameshatia kichwa kwenye karai kabla sijamaliza. Ng'ombe huyu hana haya. Kutembea hatembei mpaka abembelezwe, ndiyo maana mama alimpa jina hilo, ila akisikia pumba anakuja mbio kama kaitwa kurithi.

Mama ndiye anayemlisha maganda ya viazi, moja moja, kwa mkono, huku akimsimulia mambo yangu. Nawasikia kutoka dirishani. Ananisengenya kwa ng'ombe, na ng'ombe anaitikia.

Dereva wa lori nimempa kifurushi chako. Ni shati. Usiniulize kalishona kwa macho gani, kalishona kwa kupapasa. Kola peke yake imemchukua wiki nzima. Anasema ndiyo nguo yake ya mwisho na ametaka iwe yako.

Njoo umwone, wakati yeye bado anaweza kukuona wewe na si koti.

Dada yako


2 Februari

Dada mwenye mdomo wake,

Nimezisoma salamu zote, nikazirudia, ili usiseme. Mimi mzima. Tumefika ghorofa ya tatu, na kila nondo iliyosimama pale imepita mikononi mwangu. Viganja vimekuwa gome la mti. Nikijikuna mgongo sihitaji kucha.

Shati limefika. Mwambie mama limenikaa kama nilipimwa jana. Siku ya kwanza kola ilinichoma shingoni nikaruka kama nimeng'atwa na siafu, wenzangu wakacheka chumba kizima, ila sasa tumepatana.

Kuhusu fundo, shukuruni. Nilipokuwa nafunga kwa kamba mlikuwa mnapata gunia nusu, umesahau? Wale wa kwenye lori wana mikono mirefu. Sasa nafunga kwa waya wetu wa nondo, mizunguko miwili, halafu nasokota kwa shoto. Msimamizi anasema jengo likianguka, fundo langu litabaki limesimama. Baba alinichapa miaka miwili niache shoto, na leo ndiyo inayonilisha. Nenda kamwambie kaburini.

Kuja siwezi kwa sasa. Tunamwaga zege la ghorofa mwezi huu, na zege halimsubiri mtu. Nitakuja mvua zikianza.

Mpe mama salamu, na Bi Harusi pia, asije akanuna.

Mdogo wako


23 Februari

Mdogo wangu,

Habari ya hapa si njema, kwa hiyo salamu zisome mwenyewe moyoni.

Bi Harusi anaumwa. Ilianza kwa kuacha pumba. Nikasema labda ameshiba, ingawa siku ng'ombe yule akishiba nitaingia kwenye historia. Kesho yake maziwa yakashuka kutoka ndoo hadi kikombe. Hacheui. Anasimama amejikunja mgongo, viwiko vya miguu ya mbele amevitanua nje, na akishuka pale kwenye mteremko wa kisima anaguna kama mtu mzima mwenye jipu. Mama ndiye aliyesikia kwanza. Alisema, "Huyu hana gesi, huyu anachomwa." Mimi nikampa dawa ya minyoo, maana mimi ndiye mwenye macho.

Nikamwita daktari wa mifugo. Ni yule mrefu mwenye pikipiki inayokohoa. Akambinya Bi Harusi mgongoni, ng'ombe akakataa kuinamisha mgongo. Akachukua mti, mimi upande huu, yeye upande ule, tukaupitisha chini ya kifua chake tukamwinua kidogo. Aliguna mpaka nikauachia. Daktari akasema, "Mama, ng'ombe wako amemeza chuma." Akaeleza kwamba ng'ombe hatafuni akachagua kama sisi, anazoa na kumeza. Chuma kikishuka kinakaa kwenye tumbo la pili, lile lenye vyumba kama sega la asali, na likijikamua kinatoboa ukuta. Hapo tumbo linavimba na kutunga usaha. Na mbele ya tumbo lile, kiasi cha upana wa kiganja tu, ndipo ulipo moyo.

Kisha akauliza, "Hapa nyumbani kuna chuma gani?"

Mimi na mama tuligeukia kopo lake la sindano.

Unalikumbuka, lile la maziwa ya unga. Sindano kumi na mbili. Tangu tukiwa wadogo, halifuniki bila kuzihesabu kwa sauti. Lilikuwa halijafunguliwa tangu siku ya shati lako, na siku ile dereva alikuwa anapiga honi nje, akafunika bila kuhesabu. Akalifungua mbele ya daktari, akazipanga kwenye mkeka kwa vidole. Kumi na moja. Akazipanga tena. Kumi na moja. Ile ndefu ya kushonea kola haipo.

Akasema, "Ni mimi. Nimemlisha na maganda."

Daktari amemmezesha sumaku laini yenye ukubwa wa kidole, ikae humo tumboni ikishike chuma kisiendelee mbele. Amemchoma sindano za dawa siku tano, na ameniambia nimsimamishe miguu ya mbele juu ya kilima cha udongo ili matumbo yarudi nyuma. Mchana kutwa nimechimba.

Mdogo wangu, litazame lile shati. Itazame kola. Mama anauliza haikubaki humo? Nijibu upesi.

Dada yako


14 Machi

Dada,

Poleni sana. Barua yako niliisoma nimesimama na nikaisoma tena nimekaa.

Hili mimi nililiona zamani. Mtu asiyeona hawezi kuwa na sindano mkono huu na kulisha mnyama kwa mkono ule. Umemwachia mama kila kitu kwa sababu unamwonea huruma, na mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, hata mwana akiwa ni mzazi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kinachomla Bi Harusi kimetoka nguoni mwa mama.

Kwa hiyo fanya hivi. Kopo la sindano liondoe. Zizi lifunge kwa kufuli, ufunguo ukae kwako. Mama asiingie tena kule, hata kwa kulia. Ndiye ng'ombe pekee aliyebaki katika zizi la baba, akifa huyu tumebaki na fito.

Na wewe uwe unatazama anacholishwa. Kazi ya macho ni hiyo.

Huku kuna joto. Ghorofa ya nne tunaanza.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimefanya ulivyosema. Najua unapenda kusikia hivyo, kwa hiyo nimeanza nalo.

Kufuli nimenunua, na ufunguo unakaa kwenye mfuko wa aproni yangu, unaenda nami shuleni na kurudi. Bi Harusi ana nafuu kidogo. Anacheua asubuhi, na maziwa yamefika nusu ndoo. Daktari anasema inawezekana sumaku imeshika, inawezekana haikushika, tungoje.

Mama hakulia. Ingekuwa afadhali. Siku niliyofunga alisikia mlio wa kufuli, akauliza ni nini, nikamwambia. Akasema, "Sawa. Mwenye kosa hapewi mlango." Tangu hapo anabeba kigoda chake anakwenda kukaa nje ya zizi, anapitisha mkono kati ya fito, na Bi Harusi analeta pua. Hamlishi kitu. Hata ganda moja. Kopo la sindano nililiweka juu ya kabati, akaniomba nimshushie. Hashoni. Anazihesabu tu. Akifika kumi na moja anainua uso, kama anayesubiri mtu amalizie.

Na maziwa hanywi. Anasema hawezi kunywa maziwa ya aliyemchoma.

Sasa nisikilize. Mimi nimesema naye mpaka ulimi umeota sugu. Nimemwambia ng'ombe humeza misumari barabarani, humeza vipande vya bati, humeza chochote. Ananijibu, "Wewe unanihurumia. Mdogo wako hasemi uongo, na mdogo wako kasema ni mimi." Kosa ni langu, nilimsomea barua yako yote, sikuruka hata ile methali. Kwa hiyo yaliyotoka kwako yafutwe na wewe. Mwandikie yeye, si mimi. Sentensi moja tu: mama, si wewe. Hata kama huamini, andika. Nitamsomea.

Na swali langu la shati hukulijibu.

Dada yako


27 Aprili

Dada,

Natumaini barua hii itawakuta salama kama inavyoniacha mimi. Mvua zimeanza huku, kazi inasimama na kuendelea, inasimama na kuendelea. Mmoja wetu ameteleza kwenye jukwaa akavunja mkono. Msimamizi amekuwa mkali kama pilipili ya jana.

Nimewatumia gunia jingine la pumba. Hivi unapofungua magunia huwa unachekecha? Ni swali tu. Pumba za siku hizi zina uchafu mwingi, wenye mashine hawajali. Chekecha kabla ya kulisha.

Shati nimelitazama. Sikuona kitu.

Kwa mama nitaandika nikipata utulivu. Barua ya mzazi haiandikwi kwa haraka. Kwa sasa mpe salamu, mwambie ale.

Mdogo wako


21 Mei

Mdogo wangu,

Mama tulimzika Alhamisi. Simu ya maandishi niliituma Jumanne asubuhi, na karani wa posta aliniapia kwamba imefika huko siku ile ile.

Alifia kwenye kigoda chake, nje ya zizi, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa shuleni nakoroga sufuria, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Jirani ndiye aliyemkuta. Mkono wake ulikuwa bado umepita kati ya fito, na Bi Harusi amesimama hapo hapo.

Watu waliuliza uko wapi. Nikawaambia uko njiani. Jioni nikaacha kuwaambia.

Dada yako


6 Juni

Dada yangu,

Sijui nianzie wapi. Simu niliipata. Msimamizi alininyima ruhusa, alisema zege la ghorofa ya nne haliwezi kumsubiri marehemu. Nilimbembeleza, akakataa. Wewe unajua kazi za watu. Siku ile nilifunga nondo mpaka jua likazama, na machozi yanadondoka kwenye waya.

Mama alikuwa mtu mzima, Dada. Macho yalikuwa yamekwisha, na mwili nao ulikuwa umechoka. Tusijilaumu sana. Kazi ya Mungu haina makosa.

Bi Harusi anaendeleaje? Yule ndiye kumbukumbu tuliyobaki nayo. Mtunze.

Mdogo wako


18 Julai

Mdogo wangu,

Umengoja wiki sita. Barua hii nimeianza mara nne na mara nne nimeitia jikoni chini ya sufuria.

Uliuliza Bi Harusi anaendeleaje. Mwishoni mwa Mei kidari kilianza kuvimba, kikaning'inia kama mfuko wa maji. Mishipa ya shingo ikasimama unene wa kamba ya kisima. Akawa halali, maana akilala hawezi kupumua. Daktari akaweka sikio kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema moyo unapiga kama miguu inayotembea kwenye tope. Akasema, "La kuvunda halina ubani, mama. Tumpumzishe."

Mchinjaji alikuja asubuhi. Nilimwambia daktari apasue mbele yangu. Aliniambia si kazi ya kutazama mwanamke, nikamwambia mimi ni mpishi, nimeshatazama matumbo mengi kuliko yeye. Akapasua.

Tumbo la pili lilikuwa limegandana na kila kilicho karibu nalo. Ukuta wake ulikuwa mnene kama kiganja changu, mwekundu, na ulipokatwa ulitoka usaha wenye harufu ambayo hadi leo naisikia kwenye mikono. Sumaku ilikuwemo. Ilikuwa imeshika misumari miwili midogo na skrubu moja, imefanya kazi yake, maskini. Ila chenyewe kilichomuua kilikuwa kimeshapita ukuta siku nyingi kabla sumaku haijaingia. Kilikuwa kimelala kati ya tumbo na moyo, ncha moja imegusa mfuko wa moyo.

Daktari alikiosha akaniwekea mkononi. Si sindano.

Nimekifunga ndani ya karatasi hii, kwenye kitambaa. Fungua sasa, halafu uendelee kusoma.

Umeona. Ni waya mweusi wa nondo, mikunjo miwili, urefu wa kidole, upande mmoja umekatwa kwa panga. Sasa tazama ulivyosokotwa. Nilichukua waya wa gunia la mwisho, uliokuwa kwenye msumari jikoni, nikaziweka pamoja mezani. Nikamwita fundi anayejenga choo cha shule nikamwonyesha. Akasema, "Huyu aliyesokota hivi ni wa shoto." Sikumwambia kitu. Nilimpa chai akaenda zake.

Usidhani najitoa. Panga lilikuwa mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyekata vipande juu ya karai kwa sababu nilichelewa kazini na fundo lako halifunguki. Kila siku nikipita pale mlangoni naona mkono wangu unapanda na kushuka. Wewe ulifunga, mimi nikakata, na mama akahukumiwa. Tumesaidiana vizuri, kama watoto wa baba mmoja.

Hata hivyo nilimwomba daktari atafute sindano. Alipekua matumbo yote manne, kwa mikono yake miwili, mpaka kiwiko. Haikuwemo. Nimetafuta ndani ya godoro, ndani ya mto, nimefumua pindo za khanga zake zote. Nyama hatukuruhusiwa kula wala kuuza, tulichimba shimo nyuma ya zizi.

Mama alikufa akiwa muuaji wa ng'ombe wake. Alikuwa anangoja sentensi moja. Kila lori likipita alikuwa anauliza, "Kaandika?" Nikimwambia bado, anasema, "Ana kazi nyingi."

Sindano iko wapi, mdogo wangu? Mara hii unijibu.

Dada yako


20 Agosti

Dada,

Leo sina salamu.

Sindano ilikuwa kwenye kola. Ndiyo iliyonichoma siku ya kwanza. Niliichomoa, tukacheka na wenzangu, nikaichomeka kwenye kalenda ukutani, juu ya kitanda. Nilikuwa nataka kukuandikia kwamba mama kaniachia silaha. Nikasahau.

Barua yako ya Februari nilipoisoma, nimekaa kitandani, sindano ilikuwa mbele ya uso wangu. Nikajua saa ile ile. Kama si sindano, ni kitu gani? Umeniandikia mwenyewe ulivyokata waya na Bi Harusi alivyotia kichwa kwenye karai. Katika ukoo wetu wote mtu wa chuma ni mmoja. Nilikaa na kalamu, Dada. Nilikuwa na barua mbili za kuandika, nikaandika ile nyingine. Methali ile ya nguoni niliiandika nikiwa nimelivaa shati lake.

Nilifikiri ng'ombe atapona, na akishapona sindano nitaileta mwenyewe nikija, tucheke. Halafu ukaniomba ile sentensi. Ningeandika "si wewe," angeuliza, "Umejuaje?" Unamjua mama.

Msimamizi hakuninyima ruhusa. Alinipa siku saba, na akanisindikiza hadi kituo cha mabasi. Nilikata tiketi. Nikakaa pale kituoni na mfuko miguuni mpaka basi likaondoka. Sikuweza kwenda kusimama mbele ya watu wakinipa pole.

Sindano ninaituma ndani ya barua hii, nimeichomeka kwenye kipande cha ile kola. Shati nimelikata. Gunia pia nimetuma, litakuja na lori, nilikuwa nimeshalinunua kabla ya barua yako.

Siombi msamaha. Waya umefika, nimeuona. Ni fundo langu.

Mdogo wako


8 Septemba

Mdogo wangu,

Gunia limefika. Nimeona umelifunga kwa kamba ya katani. Kumbe kamba unaijua. Nimelifungua kwa vidole viwili, nikampa jirani, yeye ana mbuzi.

Hukuomba msamaha, umefanya vizuri, kwa sababu mimi sinao. Labda uko mahali pengine, uutafute huko. Zizi nimeling'oa. Fito nimezipeleka jikoni shuleni, zimechemshia watoto maji siku mbili. Kufuli ninalo bado, sijajua pa kulitupa.

Koti lako nalo liko kwenye gunia tupu, dereva atakuletea. Hakuna tena wa kulikaribisha.

Sindano nimeipata. Ilikuwa na kutu kidogo kwenye tundu, nikaisugua na majivu mpaka ikang'aa. Nikateremsha kopo, nikazimwaga kwenye mkeka, nikazipanga kwa vidole kama alivyokuwa akizipanga. Nikahesabu kwa sauti. Zilifika kumi na mbili. Nikahesabu tena, zikafika. Nikageuka nimwambie.

Dada yako